Kigoma: mama alifunika dagaa nilipotoa simu. Nilikosea wapi? (Na ushauri wa safari ya Septemba)

#1 Mkaza Bolti (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari zenu.

Julai 2024 nilifika Kigoma kikazi, siku tatu. Siku ya mwisho nikapita mwalo wa Kibirizi ninunue dagaa wa kupeleka Dar. Saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Nikamkuta mama wa makamo amekaa kwenye kigoda, mbele yake ungo wa dagaa waliokauka vizuri, wanameta kama sindano. Nikatoa simu nipige picha nimtumie mke wangu achague. Yule mama hakusema neno. Alifungua kitenge alichojifunga juu ya kingine, akaufunika ungo wote, akakandamiza pembe nne kwa mawe manne. Mawe yalikuwa tayari pale pembeni. Halafu akageukia ziwa kama mimi sipo. Nikasimama dakika nzima nikiwa na simu mkononi, nikaondoka. Nikanunua kwa mwingine hatua kumi mbele, ambaye alitaka na yeye aingie kwenye picha.

Sasa Septemba narudi, safari hii si kazi. Nampeleka mke wangu na baba mkwe. Mzee ni mstaafu wa reli, alikaa Kigoma mwishoni mwa miaka ya sabini, na nyumbani kwake hakuna mazungumzo yasiyopita Kigoma, hata mkianzia kwenye bei ya sukari. Tuna siku tisa pamoja na njia. Mzee anataka treni, Ujiji na ile meli ya zamani, Liemba. Mke wangu anataka sokwe wa hifadhi ya Gombe. Mimi nataka kujua nilimkosea nini yule mama.

#2 Kaa Chonjo
Ngoja wenyewe waje. Nimekaa pale kwenye benchi la nyuma.

#3 Mtoto wa Gungu
Mkuu, ulitoa simu kabla ya kutoa salamu. Basi. Huku kwetu salamu haikatizwi. Waha wakikutana wanaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za ng'ombe, na mikono inapigwa taratibu kila jibu likitoka. Wewe umefika umenyoosha simu kama unapima joto la mwili. Ukirudi, anza na "Mwakeye". Hata ukiikosea watacheka na watakupunguzia bei.

#4 Binti Ujiji
#3 umesema kweli nusu. Asubuhi "mwakeye" kwa Waha sawa, lakini usimdanganye mgeni kwamba Kigoma yote ni Kiha. Ujiji ni mji wa Waswahili toka enzi za misafara, mle ndani kuna Wamanyema, Wabwari, watu ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, na Kiswahili ndiyo lugha wanayogombezea watoto. Ukiingia Ujiji ukamwambia bibi yangu "mwakeye" atakuitikia, ila atajiuliza umetumwa na nani. Kwake ni shikamoo, na baada ya shikamoo unasubiri. Husemi "shikamoo naomba".

#5 Dunia Duara
Jamani mbona mnazunguka. Kigoma ile! Picha inachukua nyota ya biashara. Ukishapiga picha ungo, wateja wote wanahamia kwenye simu yako. Mawe manne pembe nne unadhani ni ya nini?

#6 Mtoto wa Gungu
#5 ni ya kuzuia kitenge kisipeperuke. Ziwani kuna upepo. Mbona mnatuonea hivi? Mtu wa Kigoma akichelewa kazini ni uchawi, akiwahi uchawi.

#7 Dunia Duara
Hahaha, sijasema mimi, wamesema mawe.

#8 Nahodha wa Nchi Kavu
Jibu langu ni mwezi. Dagaa wetu wanavuliwa usiku wa giza. Mitumbwi inawasha taa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa inakosa kazi, wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Siku hizo dagaa ni adimu na mwenye nao anawaficha, anaongeza bei kimya kimya kwa wateja wake. Kwa hiyo mtoa mada, panga safari yako mwezi ukiwa mwembamba. Ukisimama ufukweni usiku wa giza utaona taa zimejipanga mbali huko kama mji uliojengwa juu ya maji. Hiyo peke yake inatosha nauli.

#9 Mwalo Wetu
#8, kuhusu taa uko sawa, kuhusu Julai 2024 umepotea. Mwaka ule ziwa lilipumzishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Nchi zote nne za ziwa zilikubaliana: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Mwezi uwe mpevu uwe mwembamba, hapakuwa na kuvua. Sasa rudi kwenye swali. Mama amekaa mwaloni Julai na ungo wa dagaa, anatokea kijana wa mjini, shati limepigwa pasi, hasalimii, anatoa simu. Wewe ungekuwa yeye ungemdhania nani?

#10 Kaa Chonjo
Aisee. Kesi imefungwa.

#11 Binti Ujiji
Haijafungwa. Dagaa wakavu waliovuliwa kabla ya kufungwa ni halali kuuza, watu huweka akiba. Na yule wa hatua kumi mbele mbona aliomba kupigwa picha? Naye alikuwa na dagaa haohao, tarehe ileile.

#12 Mwalo Wetu
Huyo labda alikuwa na wakubwa, mwenzake ana wachanga wa wavu usioruhusiwa. Nawaza tu kwa sauti. Ila mtoa mada, ulizia kama mwaka unaokwenda ziwa linafungwa na kufunguliwa lini. Ukienda katikati ya kufungwa, migebuka ya kuchoma ya ufukweni utaisikia kwa hadithi. Septemba ni salama zaidi.

#13 Mkaza Bolti
Asanteni. Shati lilikuwa limepigwa pasi kweli. Na nilikuwa na kitambulisho cha kazi shingoni, sikulitaja hilo mwanzoni.

#14 Dunia Duara
Hahahaha! Na kitambulisho shingoni! Mama wa watu alilala kweli usiku ule?

#15 Bogi la Nne
Tuingie kwenye safari yenyewe, nimesafiri na treni hiyo mara nyingi kuliko ninavyokwenda kwa mashemeji.

Kutoka Dar hadi Kigoma kwa reli ya zamani ni kama kilomita 1,250. Siku hizi kuna ujanja: panda treni ya mwendokasi Dar hadi Dodoma, imeanza kubeba abiria njia hiyo Julai 2024, halafu Dodoma unganisha na treni ya reli ya zamani au basi. Unaokoa usiku mzima. Lakini kama mzee ni mstaafu wa reli, ukimkatia njia ya mkato atanuna hadi Uvinza. Mpe treni yake toka mwanzo, daraja la pili la kulala, mchukue kitanda cha chini kwa ajili yake. Ratiba usiisome kwenye picha za kutumiana kwenye simu, nenda stesheni au piga simu, siku hubadilika.

Usiku treni ikisimama, funga dirisha. Simu iliyowekwa kwenye kimeza cha dirishani ni ya yeyote mwenye mkono mrefu. Mimi yangu ilikwenda stesheni ndogo ambayo hata jina sikuliona, niliona vidole tu. Beba maji, karatasi za chooni na kanga ya kujifunika, kuanzia Manyoni baridi ya alfajiri inaingia bogini bila tiketi. Chakula usihangaike. Saranda wanapita na kuku, mbele huko kuna asali, karanga, viazi vitamu, na Uvinza kuna chumvi. Usiicheke hiyo chumvi. Chemchemi zile za maji ya chumvi watu wamezichemsha tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Mjerumani kazikuta zinafanya kazi.

#16 Ipuli Yetu
Kama kawaida, watu wanavuka Tabora kama wanavuka mtaro. Treni itawashusheni hapo mabehewa yagawanywe, ya Mwanza huku, ya Mpanda huku, ya Kigoma kule. Mna siku tisa, lazeni moja Tabora.

Asubuhi chukueni bajaji hadi Kwihara, si mbali na mji. Pale kuna tembe alilokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, mwaka 1872. Yeye na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, walifika Februari kutoka Ujiji, Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, Livingstone akabaki anangoja wapagazi hadi Agosti. Nyumba yenyewe imejengwa upya, milango ya nakshi, ua katikati, kuta nene, ukiingia mchana ni kama umefungua jokofu. Mwaka uliofuata wakina Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walipita palepale Unyanyembe wakiwa wamebeba maiti yake kuelekea Bagamoyo. Kuna pia ngome ya Mjerumani mjini, ila ulizia kwanza kabla ya kutoa hiyo simu yako mtoa mada, usije ukafunikwa na wewe. Kama mzee anapenda siasa, mwambie Tabora ndipo TANU walipokaa Januari 1958 wakakubali kuingia kwenye kura tatu, ule uchaguzi wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na Mtemi Isike alijilipua kwa baruti hapahapa Januari 1893 asikamatwe na Wajerumani.

Salamu yetu ya asubuhi ni "mwangaluka". Ni rahisi kuliko ya majirani na haina maswali ya ng'ombe.

#17 Daftari la Babu
#16 nikusahihishe kidogo. Isike alilipua ghala la baruti, ndiyo, lakini hakufa papo hapo. Wajerumani walimkuta bado ana pumzi wakamtundika. Watu wa Tabora wengi wanapenda kuishia kwenye mlipuko.

#18 Ipuli Yetu
Tunapenda kuishia pale alipochagua mwenyewe. Hatujakosea, tumekata tu.

#19 Kaa Chonjo
Asali ya Tabora nitajuaje si maji ya sukari? Wengine wanasema choma njiti ya kiberiti, wengine imwage mchangani, wengine iweke kwenye maji.

#20 Ipuli Yetu
Njia ni moja, uwe na shangazi Tabora. Na ikiganda usiseme ni sukari, asali halisi nayo huganda.

#21 Mama Wawili
Kwa kuganda nina ushahidi. Nilitoka Kigoma na dumu la mawese la lita tano kumpelekea mama mkwe Njombe. Kigoma yalikuwa mekundu yanamiminika vizuri. Nilipofika Njombe asubuhi dumu lilikuwa zito, ukilipindua kitu hakishuki. Mama mkwe akaingiza kijiko, akakitoa, akakitazama hivi, akamwambia mume wangu kwa upole, "Mwanangu, mkeo ameuziwa mishumaa." Nililia jikoni. Baadaye ndiyo nikaelezwa kwamba mawese hushikana yenyewe kwenye baridi, unaliweka dumu juani au kwenye maji ya moto yanarudi. Kwa hiyo mtoa mada, ukinunua mawese, mwambie kabisa atakayepokea. Na fungia mdomo wa dumu kwa nailoni kabla ya kifuniko, hayo yakivuja kwenye begi nguo zote zinakuwa sare.

#22 Dunia Duara
"Ameuziwa mishumaa." Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta.

#23 Bogi la Nne
Mambo mengine ya njiani: vitambulisho. Mkoa ule unapakana na Burundi, na kuvuka maji ni Kongo, kuna kambi za wakimbizi, kwa hiyo barabarani kuna vizuizi na watu wanaulizwa wao ni nani. Mimi nilishushwa kwenye basi nikaulizwa shule ya msingi nilisoma wapi na mwalimu mkuu alikuwa nani. Nilikuwa na leseni tu. Jina la mwalimu mkuu lilinipotea kabisa, mtu aliyenichapa miaka saba! Beba kitambulisho cha taifa, na mzee abebe chake. Mgeni wa nje abebe pasipoti yenyewe, si nakala. Tena msipige picha bandarini wala watu wa doria bila ruhusa.

#24 Mtoto wa Gungu
Hilo la vizuizi linatuumiza sana wenyeji, ndugu. Unazaliwa Kasulu, unasoma Kasulu, unaulizwa Kasulu ni ya nani. Ila ushauri ni uleule, beba kadi.

#25 Hewa ya Gombe
Kwa mke wako. Gombe iko kaskazini ya mji, hakuna barabara, ni kwa maji tu. Boti za abiria zinaanzia Kibirizi mchana, zinasimama kila kijiji, safari inachukua saa mbili tatu hivi kutegemea mizigo. Bei nafuu, unakaa na kuku, magodoro na bati. Ubaya wake utalazimika kulala, kwa sababu kurudi ni asubuhi. Boti ya kukodi inakupeleka na kukurudisha siku moja lakini mfuko utalia. Kwa vyovyote dai jaketi la kuokolea na ulivae, usilikalie. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi linavuma na mchana mawimbi hukua, ondokeni mapema.

Jambo la pili kubwa zaidi: mwenye mafua asipande mlimani. Magonjwa ya kifua ya binadamu yanawaingia sokwe na yamewahi kuwaua palepale Gombe. Mtapewa barakoa, vaeni. Kaeni mbali kama mwongozaji atakavyosema, msile mbele yao. Kuna umri wa chini wa watoto, ulizia kama una mpango wa kubeba mdogo. Viatu viwe vya kushika, ile ni miinuko kweli. Septemba ni ukame, mara nyingi sokwe hawako juu sana, lakini hakuna anayekuahidi. Mimi mara ya kwanza niliona kinyesi tu na mwongozaji akakifurahia kuliko mimi.

Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alishuka pale 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, na mama yake, maana wakubwa wa Kiingereza walikataa msichana akae porini peke yake. Amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Wazee wa vijiji vya jirani wengine bado wanasimulia jinsi baba zao walivyombebea mizigo.

#26 Mkaza Bolti
Mke wangu amesoma #25 ameanza kunifanyisha mazoezi ya ngazi. Liemba je? Mzee anauliza kila jioni.

#27 Nahodha wa Nchi Kavu
Kuipanda usahau kwa sasa, imesimama miaka kadhaa na imeingizwa kwenye matengenezo. Kuiona, omba ruhusa bandarini kwa heshima, mzee mwenyewe aongee, mstaafu wa reli atasikilizwa kuliko wewe na kitambulisho chako.

Mzee ataijua, ila kwa wasioijua: ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa meli hadi Dar na kwa reli hadi Kigoma. Reli yenyewe ilifika ziwani 1914. Ikaungwa hapo, ikaitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, lakini mafundi wakapaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Fundi anayezamisha meli huku anaipaka grisi, huyo alikuwa na mpango wa kurudi.

#28 Daftari la Babu
Wabelgiji waliiibua kabla ya Waingereza, ikazama tena kwa dhoruba. Tuwape haki yao ndogo.

#29 Kaa Chonjo
Na ile nyumba ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani? Nasikia kuna handaki kutoka pale kilimani hadi stesheni.

#30 Mtoto wa Gungu
Handaki lipo. Babu yangu alimjua mtu aliyeliingia.

#31 Nahodha wa Nchi Kavu
Kila mtu Kigoma babu yake alimjua mtu aliyeliingia. Hakuna hata mmoja ambaye babu yake aliingia mwenyewe.

#32 Binti Ujiji
Nimalizie Ujiji maana mnaichelewesha. Daladala au bajaji kutoka Mwanga, mnafika muda mfupi. Makumbusho yako chini karibu na lilipokuwa ziwa zamani. Mtaona sanamu za Livingstone na Stanley wakiinuliana kofia, jiwe la kumbukumbu, na miembe. Mwembe uliokuwapo siku ile ulishakufa, iliyopo ni vizazi vyake. Mwongozaji msikilizeni hadi mwisho ndipo mpige picha. Na mzee akichoka kuna kivuli kizuri.

Vaeni kwa staha. Ijumaa mchana maduka mengi yanafungwa kwa swala. Mkikaribishwa chakula, nawa, kula hata matonge mawili. Ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese haukataliwi, unaombwa radhi.

#33 Bogi la Nne
Nilipita Burundi wakaniambia Livingstone na Stanley walikutana kwao, na jiwe wanalo. Nani mkweli?

#34 Daftari la Babu
Jiwe la Burundi ni la Mugere, kusini ya Bujumbura. Wale wawili walifika pale Novemba 1871 walipokwenda kuchungulia kaskazini ya ziwa, walikuwa wameshakutana Ujiji. Tarehe ndiyo yenye mgogoro. Stanley kaandika 10 Novemba 1871 na ndiyo iliyo kwenye jiwe. Ukifuata daftari la Livingstone unapata mwisho wa Oktoba. Wote walikuwa wameumwa homa njiani na hesabu ya siku iliwapotea. Kinachonikera mimi ni kwamba Susi, aliyemwona Stanley kwanza na kukimbia kumwambia mzee wake, watu hawamkumbuki hata kwa picha moja.

#35 Dunia Duara
Na ile miembe ya barabarani kutoka Tabora hadi Ujiji nani aliipanda? Bibi yangu alisema ni mbegu walizotema wapagazi wakitembea.

#36 Ipuli Yetu
Walipanda wafanyabiashara wa pwani kwa kivuli na chakula cha msafara. Mpagazi anatema kokwa halafu miembe inajipanga mstari?

#37 Mama Wawili
Kwetu tuliambiwa ni Wajerumani waliamuru kila jumbe apande.

#38 Mtoto wa Gungu
Miembe imeshaota, kuleni.

#39 Mwalo Wetu
Narudi kwa yule mama kabla uzi haujalala. Nimemwuliza dada yangu anayeuza dagaa Katonga. Amesema hafuniki kwa sababu ya picha, anafunika kwa sababu ya mtu anayesimama kati ya jua na ungo. Kivuli kikikaa, dagaa wanavuta unyevu. Nikamwambia kivuli cha mtu mmoja dakika moja? Akasema, "Wewe ulishawahi kuanika?" Nikanyamaza.

#40 Mkaza Bolti
Nilikuwa nimesimama kati ya jua na ungo. Nadhani. Shukrani wote, tunaondoka Jumatano.

#41 Mkaza Bolti
Wakuu, tumerudi jana. Ripoti fupi, nina usingizi.

Treni tulipanda toka mwanzo, #15 ulisema kweli, mzee hakulala. Kila stesheni alishuka akagusa reli kwa kiatu. Tabora tulilala, Kwihara tukaenda, ndani ni baridi kweli kama #16 alivyosema. Ujiji mzee alimsahihisha mwongozaji mara mbili, mwongozaji akamsahihisha mara moja, wakaachana marafiki. Liemba walituruhusu tuitazame kwa mbali kidogo. Mzee alivua kofia akasimama, halafu akasema injini ya zamani ilikuwa na sauti ambayo mtoto akilala hapo hapo anaamka ikizimwa. Gombe mke wangu aliwaona sokwe saba, mmoja amekaa anavua mchwa kwa kijiti kama anasubiri daladala. Mimi nilibaki chini, nilikuwa na kikohozi.

Sasa. Yule mama yuko, palepale, kigoda kilekile. Safari hii niliacha simu mfukoni, nikavaa fulana, nikasimama upande ambao kivuli changu kinaangukia mchangani. Mzee akatangulia na salamu. Wakaanza kuulizana habari za nyumba za reli, nani yuko hai na nani hayuko, ilichukua kama nusu saa. Tukanunua sado mbili. Tukacheka. Mke wangu akaomba kwa adabu, "Mama, tunaweza kupiga picha?" Akasema, "Pigeni tu, wanangu."

Mke wangu akainua simu. Mama akafungua kitenge, akafunika ungo, mawe manne, akakaa wima, akaitazama kamera.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwuliza, mama samahani, mbona unafunika? Akanijibu neno moja: "Inzi."

Wakuu, hapakuwa na inzi.

#42 Dunia Duara
Inzi ni wewe mkuu, pole.

#43 Mtoto wa Gungu
Septemba ufukweni inzi wapo, wewe uliangalia simu.

#44 Binti Ujiji
Weka hiyo picha tumwone mama.

#45 Mkaza Bolti
Mzee amekataa isiwekwe mtandaoni. Amesema mama mwenyewe hajaombwa.

#46 Kaa Chonjo
Sado alikuuzia shilingi ngapi?